Mtihani Usiotaka Hodi

Kusoma mitandao ya kompyuta niliweza. Nilisoma asubuhi kabla ya kazi, nikasoma jioni nikikaanga dagaa, mpaka nikafika mahali nagawanya namba za mtandao kichwani huku mkono unagawanya mboga kwenye sahani. Kilichonishinda ni sharti moja la mtihani wenyewe, kwamba ukiufanyia nyumbani, mtu yeyote asiingie chumbani na wewe usitoe sauti. Aliyeandika sharti hilo hajawahi kupanga chumba mtaa wa Bigwa.

Mtihani wenyewe unaufanya kwenye kompyuta yako, na msimamizi anakutazama kwa kamera akiwa nchi ambayo hakuambii. Kabla ya kuanza unamzungushia kamera chumba kizima, aone kuta, aone chini ya meza, aone mpaka masikio yako kama hujaficha kitu. Ukishaanza, macho kwenye skrini. Huruhusiwi kuongea wala kusoma kwa kunong'ona, hata midomo isichezecheze. Akitokea binadamu mwingine, mtihani unafungwa papo hapo. Kulikuwa na kituo Dar es Salaam ambako ningeweza kukaa kwa amani, lakini nafasi zake zilijaa mpaka baada ya muhula kufunguliwa, na mimi nilikitaka cheti kabla ya muhula.

Nilikuwa fundi msaidizi wa mtandao kwenye chuo kimoja kidogo hapa Morogoro. Bosi wangu alikuwa amestaafu, na mkurugenzi akaniambia waziwazi: nikileta cheti kabla wanafunzi hawajarudi, kiti ni changu, nisipoleta, ataletwa mtu kutoka Dar. Huyo mtu wa Dar nilikuwa nimeshamchukia kabla hajaomba kazi. Nilimwona kabisa, amevaa viatu vyenye ncha, ananituma kebo ambayo nimeilaza mimi mwenyewe darini, kati ya kinyesi cha popo.

Mara ya kwanza nilifeli bila kufeli. Nilikuwa katikati ya maswali, kimya, mlango nimeurudishia tu, mama mwenye nyumba akaingiwa na wasiwasi. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa hapa toka enzi na enzi, na kwake mpangaji asiyesikika asubuhi nzima ni mgonjwa au amekufa. Alisukuma mlango akaingia na bakuli la mihogo ya nazi. Akainama kwenye kompyuta, akajiona kwenye ile picha ndogo ya kamera, akafurahi, akajipungia mkono. Kisha akaniuliza kama nataka pilipili.

Mimi nikamjibu. Hapo ndipo unapoona malezi yalivyo kitanzi. Mtu mzima amekuletea chakula, anakusemesha, utakaaje kimya? Nikasema, "Asante mama, kidogo tu." Skrini ikawa nyeupe, maandishi yakatokea kwamba mtihani umesitishwa. Mihogo niliila nikiwa nalia kwa hasira, na ilikuwa mitamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Mama mwenye nyumba alipoelewa alichofanya alinyong'onyea mpaka nikajuta kumweleza. Mara ya pili, alisema, niache kila kitu mikononi mwake. Nilimweleza masharti yote, akayasikiliza akitikisa kichwa, halafu akasema mbona jambo lenyewe rahisi. "Unawekwa ndani kama mwali," akasema. "Hakuna kuonekana, hakuna kuongea na mtu. Tumeshaweka wali wangapi humu?" Nikamwambia ndiyo, kama mwali, ila mwali huyu ana kompyuta. Akasema hayo mambo ya kisasa hayamhusu, yeye anashughulika na mlango.

Hapa niseme kidogo habari za mjomba wangu, kwa sababu bila yeye siku ile ingeisha kwa pilau tu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na upande wa mama msemaji ni mjomba. Mama yangu alifariki nikiwa chuoni. Alizaa mmoja tu, mimi. Akaacha shamba milimani juu ya Mkuyuni, lina migomba, mdalasini na pilipili manga zilizopanda miti mpaka juu, na mjomba akawa ananiita nikalishike. Kila mara nikawa na masomo. Mara ya mwisho nilipopanda kule aliniuliza nasoma nini sasa hivi, nikamwambia mitandao, akauliza ni kitu gani, nikaanza kumweleza habari za waya. Akanikata. Alisema shamba halisubiri mtu wa waya, kwa hiyo amempa mtu mwingine alime, na nisimuulize ni nani. Nikanyanyuka. Ukoo wetu haujawahi kupungukiwa hasira. Tangu mvua za masika hatukuwa tumesemezana hata kwa simu.

Basi, siku ya mtihani ikafika, Jumamosi. Mama mwenye nyumba aliamka na khanga amejifunga kiunoni. Kwanza akaamuru sebule yangu itolewe vitu vyote, kwa sababu nilimwambia chumba kiwe kitupu. Nilikuwa na maana ya meza kuwa tupu. Yeye aliita wapangaji wenzangu, wakatoa makochi, kabati, stuli na televisheni, wakavipanga nje ukutani. Nikabaki na meza, kiti na kompyuta. Watoto wa nyumba wakapelekwa kwa shangazi yao Mzumbe. Jogoo mmoja mwenye tabia ya kuwika bila ratiba akachinjwa, na kwa kuwa keshachinjwa ikaonekana ipikwe pilau ya kunipongeza. Mafiga yakawekwa uani, sufuria kubwa ya shughuli ikaazimwa msikitini. Redio zikazimwa. Mikeka ikatandikwa barazani, chini ya dirisha langu, akina mama wa nyumba ile na wa jirani wakakaa kuhakikisha hapiti mtu. Jua lilikuwa kali, wakajitanda khanga vichwani. Amri ilikuwa moja: hakuna kusema. Atakayekuja awekewe kidole mdomoni na aonyeshwe mkeka.

Simu yangu nikaizima, nikamkabidhi mama mwenye nyumba. Nilipofunga mlango nilijisikia mtu mwenye bahati duniani. Nani mwingine amewahi kufanyiwa hivi kwa ajili ya mtihani?

Yaliyotokea nje nilisimuliwa baadaye na mama mwenye nyumba, na kila akisimulia anaongeza chumvi, kwa hiyo nachukua yale ambayo hayabadiliki. Nikiwa nimemaliza sehemu ya kwanza ya maswali, akatokea mzee mmoja mrefu, amevaa koti na kofia, ameshika kikapu cha ndizi. Hakuna aliyemjua. Alikuwa ameuliza kijiwe cha bodaboda nyumba ya dada wa kompyuta, wakamnyooshea kidole.

Yule mzee aliingia uani akasimama. Aliona makochi yako nje. Aliona sufuria kubwa juu ya mafiga, na mwanamume anapasua kuni taratibu kama anayeogopa kuziumiza. Aliona wanawake wamejitanda khanga, wamekaa mkekani, hakuna anayesema. Mtu yeyote aliyekulia nchi hii angejua ameingia wapi.

Akaanza, "Hodi jamani." Mama mwenye nyumba akamwekea kidole mdomoni, akamwonyesha mkeka. Wanawake wakasogea kumpisha. Mzee akavua kofia, akaweka kikapu chini, akakaa. Baada ya muda mabega yakaanza kumtetemeka.

Mama mwenye nyumba anaapa kwamba alidhani ni mtu mwenye shida zake. Lakini hapa kwetu mzee halii peke yake watu wakamtazama tu. Aliyekuwa karibu naye akaanza kufuta machozi kwa heshima. Wa pili akakumbuka mama yake. Muda si muda baraza nzima inalia, na kwa kuwa amri ya kutosema iko palepale, hakuna aliyemuuliza mwenzake tunamlilia nani.

Mimi ndani nikasikia kilio. Kikaanza chinichini, kikapanda. Nikajua kuna mtu wa jirani amefariki, na nikajilaumu kwamba nakaa hapa nachagua majibu wakati wenzangu wamefiwa. Msimamizi naye akasikia. Maandishi yakatokea pembeni mwa skrini, kwa Kiingereza cha upole: anasikia sauti, kuna nini? Nikaandika kwamba nje kuna msiba wa jirani, naomba radhi, chumbani niko peke yangu. Kisha akaandika pole sana kwa msiba, endelea na mtihani.

Nikaendelea. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume, na sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyokuwa ikiniita nishuke kwenye mpera kila likizo.

"Mwana wa lumbu wangu," ikasema. Lumbu, kwa mwanamume wa Kiluguru, ni dada yake. Mjomba alikuwa na dada mmoja, na dada huyo alikuwa na mtoto mmoja.

Sijui kama umewahi kugundua kwamba msiba ni wako. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nani amempigia mjomba simu, na wamemwambia nimekufa na nini. Jambo la pili lilikuwa kunyanyuka, na nilinyanyuka nusu. Msimamizi akaandika mara moja: tafadhali kaa mbele ya kamera. Nikakaa. Neno moja tu ningesema, neno lenyewe dogo, shikamoo, na mjomba wangu angeacha kulia. Na kwa neno hilohilo mtu wa Dar angekuja na viatu vyake. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma. Mwanamke mwenzangu, usiombe kuwekwa mahali ambapo kuwa mzima ni kosa.

Ningeweza labda kutulia, kama asingefika mtani.

Huyu ni mama anayeuza ndizi na matembele ng'ambo ya barabara. Ukoo wake na wetu ni watani, na kwetu mtani ana kibali cha kukusema atakavyo hata kwenye msiba wako, tena hapo ndipo kazini kwake hasa, na wewe huruhusiwi kukasirika. Alisikia kilio, akafunika ndizi zake, akaja mbio. Alipoona dirisha ni langu na mzee ni wa milimani hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alilia kidogo, kwa sababu ananipenda, halafu akaanza kazi. Mama mwenye nyumba alimwekea kidole mdomoni, lakini mtani hawekewi kidole.

"Afadhali," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. "Afadhali amekwenda. Nani alipata kuona mchoyo kama huyu? Mtandao anao, paswedi hatoi. Nimemwomba paswedi mpaka simu yangu imezeeka. Mzikeni nayo hiyo paswedi yake, akawanyime malaika."

Mimi kwenye swali la usalama wa mtandao. Nikabana pua nisicheke.

"Na dagaa wake," mtani akaendelea, "anawaunguza kila siku, anasema anasoma. Mtaa mzima tumesoma kwa pua."

Uongo mtupu, niliwaunguza mara mbili tu. Nilitaka kutoka nimjibu, na nikakumbuka kwamba, hata ningekuwa nimekufa kweli, sheria hairuhusu. Machozi yakawa yananitoka kwa kuzuia kicheko, na msimamizi akaandika kuniuliza kama nitaweza kuendelea. Nikaandika ndiyo. Akaandika kwamba ananielewa, jirani mwema ni kama ndugu.

Nje mjomba akamwomba mtani amwache kwanza. Hakumkaripia, alimwomba. Na mtani, ambaye hajanyamazishwa na mtu tangu azaliwe, akanyamaza. Mjomba akasogea dirishani. Kati yetu kulikuwa na pazia, nondo na wavu wa mbu. Nilisikia hata pumzi zake.

"Nilikwambia shamba nimempa mtu," akasema. "Nimempa nani mimi? Nimempa nani? Nalima mwenyewe, na mgongo huu. Mdalasini wa mama yako nimeupogolea, migomba nimeipalilia. Nilisema vile uje ugombane na mimi. Uje tu ugombane, basi, nikuone."

Sikucheka tena. Skrini ikawa ukungu. Nilijifuta kwa mkono wa blauzi, kwa kuwa kitambaa hakiruhusiwi mezani, na nikajaribu kusoma swali lililokuwa mbele yangu. Liliuliza habari za kompyuta moja ambayo kila ikiulizwa na mwenzake kwenye mtandao kama ipo, haijibu. Fundi anasema imekufa. Sababu nyingine inaweza kuwa nini? Jibu nililijua toka mwezi wa kwanza wa kusoma: kompyuta ni nzima na inasikia kila kitu, ila imewekewa amri isijibu. Nikalichagua. Kama kuna mtu amewahi kulijibu swali lile kwa uchungu kuliko mimi, ajitokeze.

Yaliyobaki niliyakimbilia. Mengine niliyasoma, mengine niliyatazama tu usoni nikachagua lenye sura nzuri. Nikabonyeza kumaliza. Yakaja maswali ya kampuni, wanataka kujua kama mazingira yangu ya mtihani yalikuwa tulivu. Nikayaacha hapohapo yanangoja, nikafungua mlango.

Wa kwanza kuniona ni mpasua kuni, naye aliondoka na shoka, hakurudi mpaka jioni. Wapita njia waliokuwa wamevutwa na kilio wakaruka ua. Wa nyumba yetu, ambao walijua fika kwamba mimi ni mzima, nao walipiga kelele, kwa sababu walikuwa wamelia muda mrefu na kilio kina nguvu zake. Mjomba hakukimbia. Alinitazama miguu kwanza, kuhakikisha ni ya binadamu na inagusa chini. Alipomaliza miguu akapanda mpaka usoni.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Marahaba," akasema. "Ulikuwa unanisikia?"

Nikatazama mkeka. Mzee hakuulizi hivyo ukasema ndiyo, nilikusikia ulivyokuwa unalia. "Nilikuwa kwenye mtihani, mjomba. Kule ndani husikii kitu."

"Hata mimi nilikuwa nakohoa tu," akasema. "Vumbi la Bigwa."

Mtani akanishika mkono, akaubinya kuona kama una damu. "Rudi ndani," akasema. "Hatujamaliza kukusema. Na ujue machozi yangu siyarudishi, siku ukifa kweli nitakuja kula tu."

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kitako mkekani, mikono kichwani, ndiyo kwanza anayaona makochi, sufuria na khanga kwa macho ya mtu anayeingia kutoka nje. "Yallah," akasema polepole. "Nimemzika mpangaji." Kisha akanyanyuka kwenda kutazama pilau, maana ilikuwa inaanza kushika chini.

Mjomba akauliza kiko wapi hicho kitu kilichonifanya nisimwitikie. Nikamwingiza sebuleni, chumba kitupu, nikampa kile kiti kimoja kilichokuwepo. Nikajibu yale maswali ya kampuni mbele yake. Kuhusu mazingira kuwa tulivu nilijibu ndiyo. Skrini ikafikiri, ikafikiri. Mjomba akaisogelea, mikono magotini, akitazama maandishi ya Kiingereza asiyoyajua, halafu akaacha kuyatazama akawa anautazama uso wangu, ndio aliokuwa na hakika ya kuusoma.

"Wanasemaje?"

"Wanasema nimefaulu."

Akatikisa kichwa. "Na mimi niliyekaa juani, hawakuniandika?"

Nilicheka nikashindwa kusimama. Naye akacheka, kicheko cha puani, cha mama yangu kabisa. Tulikula pilau ya jogoo tukiwa wengi kuliko tulivyopanga, kwa sababu watu waliokuja msibani huwezi kuwarudisha na njaa ati kwa kuwa marehemu ni mzima. Mtani alipewa paja. Aliuliza cheti hicho kinadumu milele, nikamwambia hapana, baada ya miaka michache muda wake unaisha, ni lazima nifanye tena. Mama mwenye nyumba akasema safari ijayo makochi yatabaki ndani.

Jioni nilimsindikiza mjomba mpaka barabarani. Kikapu nilibeba mimi, sasa kimejaa vyombo vya pilau ya kupeleka milimani. Karibu na kijiwe cha bodaboda akasafisha koo, sura yake ya siku zote ikamrudia.

"Lile shamba usilifikirie," akasema. "Nilishakwambia, nilimpa mtu."

"Nakumbuka, mjomba. Huyo mtu analitunza?"

Akatazama mlimani. "Anajitahidi. Mgongo ndio unamsumbua."

"Basi mwambie Jumamosi nitakuja," nikasema. "Nitakuja kugombana naye."

Mjomba akapanda bodaboda, akapakata kikapu, akasema atamfikishia.